Mwendo wa Fimbo ya Bibi

Likizo hii nimefungua debe la unga wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, nyumbani Nyanungu, nikakuta karatasi ya muziki imegeuzwa kifuniko. Panya wamekula mistari miwili, lakini juu mwandiko wa mwalimu wangu wa kinanda bado unasomeka: Ufunguo: A maina. Mwendo: wa kutembea. Hisia: utulivu, na huzuni kidogo. Nimecheka peke yangu jikoni, rafiki yangu, mpaka kuku akatoka nje.

Nilikuwa darasa la tano. Kanisani kulikuwa na kinanda cha umeme chenye kibao kimoja ambacho ukikibonyeza hakirudi mpaka ukibembeleze kwa kucha. Mwalimu, aliyekuja huku kumfuata mumewe kwenye machimbo ya dhahabu, ndiye aliyenifundisha kile kipande cha piano cha Wazungu wa zamani, ukurasa mmoja tu. Maina niliielewa haraka: ni sauti ya mtu aliyenyimwa nyama. Shida ilikuwa mwendo. Kwetu wavulana hawakuwepo, ng'ombe nilichunga mimi, na kutembea nilikokujua ni kule kwa asubuhi, umande miguuni, ng'ombe wana njaa, na wewe unafukuzana na mkia wa yule wa mwisho. Nikapiga hivyo hivyo.

"We binti," mwalimu akasema, "hao ng'ombe umewaiba?"

"Nimetembea tu, mwalimu."

"Umetembea na polisi nyuma?"

Kwaya nzima, iliyokuwa ikisubiri mazoezi, ikacheka. Mimi sikucheka sana, maana jambo lenyewe lilikuwa zito. Bibi alikuwa amevunjika nyonga, amelala miezi, na majirani wakipita kwetu walishaanza kuongea kwa sauti ya chini. Aliposimama tena akaweka nadhiri: Jumapili ya shukrani atatembea kutoka mlangoni hadi madhabahuni, hashikwi mkono, na mimi nimpigie kinanda hadi afike.

"Mke mwenza," aliniambia, kama bibi zetu wanavyotuita wajukuu wa kike, "ukinyamaza kabla sijafika, nakaa chini hapo hapo."

Nilijua hatanii. Na nyonga ile ikikaa chini, nani ataiinua?

Jumapili nikaanza na mwendo wangu wa ng'ombe. Nusu ya ukurasa imekwisha, nikachungulia: bibi yuko benchi la pili kutoka mlangoni, jasho linamtiririka. Nikaacha karatasi, nikasikiliza fimbo yake. Ko. Nikapiga noti moja. Ko. Nyingine. Kimya, anapumua, kidole changu nacho kikangoja pale pale. Wanakwaya walinitazama kama nimesinzia. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Noti ya mwisho na fimbo vikatua pamoja madhabahuni, na vigelegele vya akina mama vikaifukuza ile huzuni kidogo yote. Nililia kama mtoto. Basi, si nilikuwa mtoto?

Kinanda kilishakufa, mwalimu alihama na mumewe. Leo nimekaa na karatasi yangu, nikajaribu kukipiga kile kipande kwa vidole juu ya debe, mwendo ule ule. Umekataa kabisa kuja.

"Mke mwenza! Maji yanachemka, wewe unapiga ngoma?"

Nimeruka. Bibi alikuwa nyuma yangu, mikono kiunoni. Zamani ningeisikia fimbo yake tangu zizini. Fimbo iko mlangoni, siku hizi inafukuzia mbuzi.

Ile ko imepotea, na mimi siitafuti.