Maili za Mjomba Owor

Kosa langu la kwanza katika kukimbia lilikuwa kuzidisha, na nasema kuzidisha kwa maana ya shuleni, kwa kalamu na karatasi: nilizidisha kwa moja nukta sita. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kila ninapolikumbuka kosa hilo hunijia kwanza harufu ya mihogo iliyovundikwa, kwa sababu kijiji chetu cha Sikuda kizima kilinuka hivyo Desemba ile. Mihogo ilianikwa juu ya mawe, juu ya maturubai, juu ya mabati ya zamani kando ya njia, na asubuhi umande ulipoanza kukauka harufu yake chachu ilipanda mpaka kooni. Mimi nilipita katikati yake nikihema, peku, suruali nimeikunja magotini, nikiamini kwamba nafanya kila kitu sawasawa. Hilo ndilo linaloniumiza hata sasa. Sikuwa mtoto mkaidi. Nilikuwa mtoto aliyeogopa kukosea kuliko alivyoogopa nyoka.

Baba yangu ni Msamia wa hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mama ni Mjapadhola wa Mukuju, upande wa Tororo, na kwa kuwa kila mmoja aliona lugha ya mwenzake ni ngumu, Kiswahili cha mpakani ndicho kilichotawala nyumbani kwetu. Mjomba Owor, kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani pale senta ya Mukuju. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ana presha na kwamba kukaa kwenye cherehani kutwa nzima kutamuua, basi akaanza kukimbia alfajiri, polepole, bila kushindana na mtu, na watu wakamcheka mpaka wakachoka. Mwaka ule alipata kazi ya kushona sare za shule Juba, na safari yake ilikuwa mwanzoni mwa Februari. Alinipenda, nami nilimpenda kwa namna ya watoto wenye wasiwasi, yaani nilitaka asipate sababu hata moja ya kusikitika kwa ajili yangu. Alipokuja kutupasha habari hizo mwisho wa Novemba alisema, "Mpwa wangu, kabla sijaenda tutakimbia pamoja mara moja. Kutoka kwa bibi yako mpaka pale ambapo mwamba wa Tororo unaonekana wote tangu chini. Ni maili nane. Unaweza?" Nikasema naweza. Sikuwahi kukimbia hata moja kwa mpigo.

Mpango wake ulikuwa wa mtu mwenye busara. Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia mama simu kumpa maagizo ya wiki, na mama akanipigia kelele jikoni: "Anasema wiki hii maili mbili, siku tatu. Siku zingine pumzika. Usizidishe." Wiki ya pili ikawa tatu, ya tatu nne, ya nne turudi tatu ili miguu ipate nafuu, kisha tano, kisha sita, tushuke tena, tupande saba, mpaka nane. Alisema pia kwamba mtu akishindwa kuongea huku anakimbia, basi mbio zimemshinda na apunguze. Mwenda pole hajikwai, na kama ningefuata maneno yale kama yalivyotoka kinywani mwake nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Lakini shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba maili moja ni kilomita moja nukta sita, na mwalimu alikuwa amenipa alama zote katika zoezi hilo. Kwa hiyo maili mbili za Mjomba nilizifanya kilomita tatu na mita mia mbili. Nilipima mzunguko wa gurudumu la baiskeli ya baba kwa uzi na rula nikapata mita mbili na sentimita ishirini, nikafunga kitambaa chekundu kwenye tairi, nikaisukuma baiskeli kutoka mlangoni kwetu kuelekea barabara kuu, nikihesabu kila kitambaa kilipogusa udongo. Mizunguko elfu moja mia nne hamsini na tano. Mara mbili watu walinisalimu nikapoteza hesabu, na mara zote mbili nilirudi mlangoni nikaanza upya. Hapo ilipokoma nikaweka jiwe: kwenda nitakimbia, kurudi nitatembea. Kila wiki nililisogeza jiwe hilo mbele zaidi, na kila wiki nilijisifu moyoni kwamba sikukosea hata mita moja.

Kukimbia bila sababu karibu na mpaka si jambo dogo. Busia mtu akikimbia, ama ana magendo, ama anamfukuza mwenye magendo. Akina mama waliogeuza mihogo waliniita, "Wewe Wandera, umebeba nini? Gawa na sisi kidogo." Mwendesha bodaboda mmoja, Barasa, alinifuata kila Jumanne akipunguza mwendo ubavuni mwangu. "Kijana, forodha imelala, hakuna anakufukuza. Panda nikubebe bure, nakuonea huruma." Nilitaka kumjibu lakini pumzi haikuwepo. Nilikumbuka agizo la Mjomba kuhusu kuongea, nikawa najipima kwa kusali Baba Yetu kwa sauti, na kila siku sauti ilikatika kwenye mkate wa kila siku. Mtu mwingine angepunguza. Mimi niliona kwamba nina imani haba.

Maumivu yalianza wiki ya tano, kwenye mfupa wa mbele wa mguu wa kushoto, sehemu moja ndogo ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole gumba. Mwanzo yaliniuma hatua za kwanza tu, kisha yakatoweka. Baadaye yakawa hayatoweki. Baadaye nikiwa nimekaa tu kanisani, mguu ulidunda wenyewe kama una moyo wake. Mama aliniona nikichechemea akauliza, na nikamwambia kwamba nimejipiga na jembe. Sijui uongo ule ulitoka wapi, ila najua ulitumikia nini: kama ningesema ni mbio, Mjomba angeambiwa, na angesema mtoto huyu ameshindwa. Mama akanikanda kwa maji moto ya chumvi, na Jumapili nikamsikia akisema kwenye simu, "Amejigonga na jembe kidogo, lakini anakimbia tu." Upande wa pili Mjomba alicheka. "Jembe haliui Msamia. Aendelee." Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza, na nilijua kwamba mtu pekee ambaye angeweza kunizuia nimekwisha kumfumba macho mwenyewe. Mficha maradhi, wasemavyo, kilio humfichua. Nilitamani kilio kije haraka.

Kilikuja Mukuju, mwisho wa Januari. Mjomba alikuwa amenishonea kaptula ya kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za watu, na mfuko mmoja nyuma wenye kifungo. Tulitoka kwa Bibi jua halijapanda, kwenye njia za ndani, moshi wa majani umelala juu ya mashamba ya mtama. Alikimbia polepole mno hata nikashangaa, na aliongea muda wote: habari za Juba, joto lake, mteja aliyerudisha suruali mara nne kisha akaomba ile ya kwanza. Mimi nilijibu "ee" na "ndiyo". "Mbona huongei? Nimekimbiza sana?" Nikatikisa kichwa. Pumzi nilikuwa nayo tele siku hiyo; ni maumivu ya mguu yaliyonifunga mdomo. Tulipovuka kijito cha tatu kitu ndani ya mguu kiliachia, bila kelele, kama uzi wa cherehani unavyokatika, nikakaa chini katikati ya njia. Nilijaribu kusimama mara mbili. Mara ya tatu Mjomba alinishika bega akasema, "Basi. Basi, baba." Akanibeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitalini Tororo picha ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Daktari alisema mfupa haukuvunjika siku ile. Ulikuwa unavunjika kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Plasta ilipokuwa ikikauka Mjomba aliniuliza juzi juzi nimekimbia kiasi gani. Nikasema maili saba, kama alivyosema.

"Kutoka kwenu mpaka wapi?"

"Kilomita kumi na moja nukta mbili."

Alitembeza kidole kwenye pindo la shati lake. "Nani alikuambia hiyo?"

"Shuleni."

"Mpwa wangu," alisema, "sisi tukisema maili, ni hiyo hiyo kilomita."

Ndivyo ilivyo huku kwetu. Nguzo za barabarani zilibadilishwa zamani, lakini ulimi wa wazee haukubadilishwa, na kila mtu analijua hilo bila kufundishwa. Mimi nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote. Kuuliza si ujinga, na swali lenyewe lilikuwa la maneno mawili, lakini mimi niliyeogopa kuonekana sijui sikuuliza.

Siku nne zilizobaki nilizimaliza kwenye benchi la Bibi, mguu juu ya gunia la karanga. Nilimsihi Mjomba aende akimbie bila mimi, afike pale mwamba unapoonekana. Akasema, "Nikimbie naongea na nani?" Asubuhi ya kuondoka alikaa nami tukamenya karanga, gari likaja, akaenda. Nilisikia baadaye kwamba Juba hakukimbia tena. Palikuwa na joto, kazi nyingi, na barabara asizozijua. Alirudi mwaka wa nane, ameletwa na wenzake, kiharusi kimemchukua upande wa kulia. Sijui kama mbio moja na mpwa wake ingembadilishia lolote. Daktari niliyemuuliza alisema swali hilo halina jibu, na nimejaribu kuliacha, nimeshindwa.

Sasa nina miaka ishirini na minne na nimejifundisha kukimbia upya, peke yangu, bila mwalimu. Kila mwisho wa mwezi naenda Mukuju. Mjomba hukaa nje, mkono wa kulia mapajani, maneno yakimtoka nusunusu, na tunatembea naye kutoka mlangoni mpaka choo cha nje na kurudi, tukipumzika njiani. Yeye hapati nafuu na mimi sina la kufanya ila kumshika kiwiko. Mimi nakimbia siku tatu kwa wiki, kila wiki ya nne napunguza, na mfupa ukiniuma nasimama pale pale, narudi kwa miguu, na siku hiyo hiyo namwambia mama.