Kambare Aliyemtoa Wangila Mbio

Nekoye, mkaanga samaki wa Bumula, hakuwa mtu wa kumeza hasira. Tangu uvumi uenee kwamba Mto Nzoia una kambare mkubwa kama ndama, watu wa Kitale walikuwa wakija na wavu wa matundu madogo, unaozoa hata vitoto vya samaki. Siku hiyo wavuvi wa ndoano, wanaomuuzia Nekoye, walikuwa wamewangoja na mapanga.

"Pelekeni neti yenu kwenu!"

"Kwani mto ni ya babako?"

Damu ilikuwa karibu kumwagika. Ndipo Nekoye, aliyekuja na karai lake kununua samaki, akamtambua aliyeshika kamba ya wavu: Wangila, mume wa bintiye Nangila na baba wa mjukuu wake Dancan. Na kwa Wabukusu, mkwe hamkaribii mama mkwe. Akimwona njiani, yeye huingia kichakani.

Nekoye akateremka hadi ukingoni, akapindua karai lake, akalikalia palepale wavu ulipopaswa kutolewa. Wangila akainua macho. Akaachia kamba, akajifunika uso kwa kofia, akatokomea kwenye miwa. Wenzake wakabaki wameduaa, kisha wakakunja wavu. Wenye mapanga walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko.

Jioni Nangila akapiga simu kutoka Kitale.

"Mama, baba Dancan amerudi bila samaki. Ati ameona kitu kubwa huko mtoni, ikamtoa mbio, na hataki kusema ni nini. Ni ile kambare?"

"Ndiyo," akasema Nekoye, akigeuza samaki karaini. "Mwambie bado iko."