Siku Mnandi Walipomtapikia Bibi

Jirani yangu anafuga kuku wa mayai. Mvua ikinyesha, nafungua dirisha na kulifunga papo hapo. Kinyesi kibichi cha kuku kikichanganyika na dagaa wa kusaga wanaolishwa hutoa harufu inayokaba koo na kuwasha macho. Wengine huziba pua na kuendelea na shughuli zao. Mimi mate hunijaa mdomoni, na mara nina miaka kumi, nimo ndani ya boti, chini ya mti uliopakwa mavi ya ndege kuanzia kileleni hadi majini. Mnisamehe kwa neno hilo. Nimetafuta la adabu zaidi, sijalipata.

Nilikulia Rulenge kwa bibi, mama yake baba, lakini aliyenilea kwa mikono yake ni shangazi Skolastika, binti wa mwisho wa bibi. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenikagua kucha, aliyenibeba mgongoni hadi nikawa mkubwa wa kuchekwa njiani. Basi akajitokeza mwanaume kutoka ziwani, upande wa Biharamulo, jina lake Gervas, akataka kumuoa. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la bibi.

Na bibi alikuwa mtu wa ng'ombe. Samaki hakuvuka kizingiti chake, awe mbichi au mkavu. Aliyekula samaki hakuonja maziwa ya bibi, kwa sababu, alisema, chuchu za ng'ombe zingepasuka na maziwa yangekatika. Aliposikia habari za Gervas alitema mate pembeni.

"Mvuvi! Nimtoe mwanangu akanuke shombo mpaka kufa?"

Gervas hakuwa mvuvi. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wageni kwa boti hadi kwenye kisiwa wanakozalia ndege, kuwaeleza habari zao na kuwarudisha salama. Maskini ya Mungu, akaona dawa ni bibi ajionee mwenyewe kazi isiyogusa samaki. Akatualika sote watatu. Bibi akakubali kwa sharti moja: akishaona atasema ndiyo au hapana, na lisiulizwe tena.

Mimi niliomba iwe hapana. Nilisali rozari nzima kwa ajili hiyo, tena kwa magoti. Shangazi akiolewa, nani angebaki na mimi?

Tukapanda basi hadi Biharamulo, kisha gari dogo hadi ziwani. Bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka na mtandio mweupe wa kanisani, na juu yake Gervas akamfunga jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa. Alikaa mbele kabisa, akitazama kule tuendako, akishikilia ubao kwa mikono miwili. Shangazi alikaa katikati, akiwa ametugeukia sisi wa nyuma, mimi na Gervas aliyeshika injini. Amejipaka mafuta, anang'aa. Nilimchukia kwa kung'aa kule.

Harufu ilitupokea kabla hatujakiona kisiwa vizuri. Jamani! Ilikuwa choo cha shule kilichofungwa likizo nzima, na ndani yake mtu amesahau gunia la samaki. Halafu tukaiona miti yenyewe, haina jani, imekauka kwa uchafu, na kila tawi limejaa viota na mnandi weusi wenye shingo ndefu wakikoroma kama watu wenye kikohozi. Makinda yao yalikuwa uchi, meusi, yanatikisa koo tupu. Kinda moja lilitumbukiza kichwa kizima kooni mwa mama yake likachota samaki aliyekwisha kuwa uji. Nzi walitutua usoni. Tone zito jeupe likaanguka kwenye goti langu, la moto. La moto, nawaambia! Mpaka leo siwezi kula uji mweupe.

Gervas alizima injini, tukawa tunaelea chini ya matawi. Akazungumza taratibu, kwa furaha ya mtu anayeonyesha nyumba yake. Hawa ni mnandi, mama. Wale weupe ni yangeyange. Huyu hukaa juu ya mayai, na mwenzake huenda kutafuta chakula, wanapokezana. Bibi alikuwa amekunja pua, lakini aliuliza, "Hata dume hukaa juu ya mayai?" Gervas akajibu kuwa hata dume. Bibi akaguna. Nililijua guno lile. Lilikuwa la mtu anayeanza kulainika.

Kisha Gervas akatuonya tusipige kelele wala kugonga boti. Makinda yakishtuka, alisema, hutapika yote yaliyomo tumboni.

Miguuni pangu palikuwa na sufuria kuukuu ya kuchotea maji ya botini. Nikaiokota kwa mkono wa kulia, nikaipiga kwenye ubavu wa boti mara tatu, kwa nguvu zangu zote.

Mbingu ikafunguka. Samaki nusunusu, mifupa, ute wa kijani, vyote vilitumwagikia kwa kishindo. Niliingiwa na kitu mdomoni, ptuu, nikatapika na mimi. Bibi aligeuka taratibu. Kichwa cha samaki kilikuwa kimekaa juu ya mtandio wake wa kanisani na jicho lake moja wazi.

"Nani?" aliuliza.

Gervas alinitazama. Sufuria nilikuwa nimeshaiachia, ipo kati yetu.

"Ni mimi, mama," alisema. "Imeniponyoka. Nisamehe."

Gervas akawasha injini, akaturudisha nchi kavu. Pale ufukweni alivua mtandio, akauacha mchangani, akasema, "Hapana. Mtu hata neno la kinywa chake mwenyewe halishiki. Twendeni nyumbani." Gervas aliinamisha kichwa, akamshukuru kwa kuja.

Alioa kwingine. Shangazi hakuolewa kamwe. Alibaki na bibi na ng'ombe wake hadi alipomzika. Na mimi niliyempigania asiondoke, baada ya miaka minne nilibeba sanduku nikaenda sekondari ya bweni, wala sikugeuka nyuma. Nikijifikiria hapo, kinyaa ninachokisikia si cha ndege.

Nilidhani siri yangu aliijua Gervas peke yake. Juzijuzi binti yangu alianguka, nikawa namwosha, nikamuuliza panapouma. Nikaikumbuka jioni ile tuliporudi. Shangazi alichemsha maji, akaniosha nywele mara mbili, akachomoa mifupa ya samaki mmoja mmoja, macho yamemvimba. Mwishoni aliushika mkono wangu wa kulia, akaukunjua vidole, akavisugua polepole.

"Unauma?" aliniuliza.

Nikasema hapana. Akaendelea kunisuuza.