Lita Ishirini za Bi Sekunde

Jina la Bi Sekunde hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake wa karakana ya vioo, maana hakabidhi kazi mpaka aweke ndoo chini ya bomba, atazame saa ya mkononi na kuhesabu kwa sauti. Anatengeneza matangi ya samaki, yale makubwa ya sebuleni. Ukimuuliza maji yanapitaje, hakwambii "vizuri tu." Atakwambia lita ngapi kwa saa, na upende usipende utasikiliza mpaka mwisho.

Ndoo yenyewe ni ya bati nene, ya marehemu mama yake. Ndani ina alama ya lita ishirini, kitako chake ni cha kijivu, na hata ikiwa tupu inavuta mkono. Ameijua hivyo tangu hajang'oka meno ya utoto, kwa hiyo hakuona ajabu. Alikabidhiwa na baba yake, fundi bomba mstaafu, pamoja na sharti moja: chochote ndoo itakachokwambia, punguza kumi na tano kwa mia ndipo uandike.

"Kwa nini, baba?" aliwahi kuuliza.

"Maji yana kiburi," mzee akajibu, akaendelea kukaza nati.

Basi. Miaka ishirini na mbili binti alipunguza, huku akicheka kimoyomoyo kwamba wazee nao wana mambo yao.

Mwaka jana mzee alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, neno moja likawa kazi ya asubuhi nzima. Wanaishi wawili ghorofani, na starehe ya mzee ilibaki moja: samaki watatu wa dhahabu, wanene kama viatu, waliokuwa wakihemea juujuu kwenye tangi lililokwisha kuwabana. Chini yao anakaa mama mwenye nyumba. Mabomba yalishavuja mara mbili na kumchora dari, na mama huyo hana dogo. "Tone moja tena," alisema akiwa kwenye ngazi, "mtahama."

Kaka yake Bi Sekunde aliposikia hayo akapiga simu. Mkihama, alisema, mzee namchukua mimi, na hao samaki muwagawe. Ni mtu mwema, lakini yuko mbali, safari ya kutwa nzima, na huongea na baba yao kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto uji. Bi Sekunde alikata simu akiwa na hofu, na hofu hiyo haikumtoka. Kwa hiyo tone moja tu lilitosha kumwondolea baba yake.

Ungesema basi aachane na tangi. Wapi! Akatengeneza kubwa zaidi, la lita mia tatu na thelathini, ili mzee awaone samaki wake wakigeuka bila kugonga kioo.

Ndani ya tangi, pembeni, aliweka kisanduku cha kufurikia. Maji yakipanda yanaruka ukingo wake wenye meno kama ya kitana, yanaingia, yanashuka kwa bomba hadi tangi dogo la chini, na pampu inayarudisha juu. Shughuli nzima ni hiyo: pampu isipandishe zaidi kuliko bomba linavyoweza kushusha. Ikizidisha, yanayobaki yatajitafutia njia, na njia yenyewe ni dari ya watu.

Bomba alilipima karakanani. Ndoo ikafika kwenye alama kwa sekunde ishirini kamili, lita moja kwa kila sekunde, yaani elfu tatu na mia sita kwa saa. Kwa sharti la mzee angeishia elfu tatu na sitini. Lakini samaki hawa ni wachafu kupindukia, alitaka maji yao yazunguke mara kumi kwa saa. Pampu ilikuwa mpya, yenye kioo kidogo kinachoonyesha lita inazopandisha. Akaiweka elfu tatu na mia nne. Mia mbili za akiba zilimtosha. Hesabu ni hesabu, alijiambia, kiburi cha maji kitajijua.

Jumamosi asubuhi akawasha. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, fimbo mkono wa kushoto, ndoo karibu na miguu yake. Maji yakaruka meno, yakashuka, yakarudi. Raha tupu. Kisha Bi Sekunde akaona jambo ambalo hakulipenda: maji yalitakiwa kutulia, nayo yalikuwa yanapanda. Polepole, lakini yanapanda.

Ko, ko, ko. Mzee akagonga ndoo kwa fimbo.

"Tulia, baba, hayatamwagika, sihitaji ndoo."

Ko, ko, ko.

"Baba, jamani!"

Maji yalikuwa chini ya ukingo kwa upana wa kidole. Akazima. Akachungulia bomba, halijaziba. Akapekua meno ya kisanduku, safi. Akarudia hesabu kwenye karatasi, na mia mbili zilikuwa palepale zikimtazama. Mzee akagonga tena, safari hii kitakoni, na Bi Sekunde akaipokonya ndoo kwa hasira ili akaitupe uani apate kufikiri.

Ilivuta mkono kama kawaida yake. Hapo ndipo akasimama.

Akaiweka chini, akakikwaruza kitako kwa bisibisi. Saruji. Akachukua chupa ya lita moja, akamimina na kuhesabu, kwa sauti, kama ilivyo desturi yake. Kumi na nane, na alama ikafikiwa.

Alikaa sakafuni. Lita elfu tatu na mia mbili na arobaini, ndizo tu bomba lilizoweza kushusha. Kila kazi ya miaka ishirini na mbili ilipimwa kwa ndoo hii, na kila moja ilisimama kwa sababu ya sharti alilokuwa akilicheka. Kitako kilikwisha kwa kutu yeye akiwa mdogo, mzee akakimiminia saruji bila kusema na mtu, kisha akatafuta maneno ya kuficha.

Aliishusha pampu hadi elfu tatu, akawasha. Maji yakapanda kidogo, yakatulia. Baada ya nusu saa alishuka, akabisha hodi kwa mama mwenye nyumba, akaomba kuitazama dari. Kavu. Akarudi juu.

"Baba, umenitia aibu," alisema. "Miaka yote hii! Kwa nini hukuniambia imezibwa?"

Mzee aliutafuta ulimi wake kwa muda mrefu. Macho yake hayakuwa kwa samaki wala kwa ndoo, yalikuwa kwa binti yake.

"Unge... ungeitupa."

Bi Sekunde akaisogeza ndoo ya mama yake karibu na kiti cha mzee, mahali ilipokuwa.