Siku Teresiah Alipotuita Tutoke

Nimemwona Teresiah akimzuia mlevi mmoja, jitu la kilo mia na ushee, asiingie kwenye lifti ya jengo analolilinda kule Dubai Marina. Alitumia kiganja kimoja na neno "sir" tu, wala hakupepesa macho. Lakini nyumbani kwetu Jumeirah Village Circle, mlango ukigongwa, mwanamke huyo huyo alishika ukuta ndipo aweze kusimama.

Sababu ni kwamba mkataba wa nyumba ulikuwa na jina lake, na ulisema watu wanne. Tulikuwa kumi na mmoja, wanawake watupu, wote Wakenya. Wanne walilala sebuleni. Sisi saba tulikuwa chumbani, tumetenganishwa kwa mbao nyembamba na mapazia. Mimi Daisy, mfua shuka wa hoteli, nilikuwa kitanda cha juu usoni pa AC, ndiyo maana mpaka leo nina kifua.

Usidhani alikuwa na tamaa. Alianza na Mercyline, mtoto wa dada yake, aliyefika mjini hajui atalala wapi. Akaja rafiki wa Mercyline. Halafu mimi, niliyemlilia baada ya ibada mpaka akachoka kunisikiliza, akasema, "Basi beba begi, twende." Kumwambia mtu hakuna nafasi kulimshinda. Alichoweza ni kutupangia zamu za bafu, na kumfokea anayeacha nywele kwenye sinki. Na alikuwa na mdomo huyo mama, usiombe.

Mwezi wa saba wakaguzi wa nyumba zilizozidisha watu waliingia jengo la ng'ambo ya barabara. Tuliona dirishani magodoro yakishushwa na mbao zikitolewa vipande vipande. Wasichana walikaa juu ya masanduku yao kwenye maegesho, juani, wakipiga simu kutafuta pa kwenda. Wawili tuliimba nao kwaya. Hakuna aliyeshuka kuwapa hata maji, kwa sababu tuliogopa kuonekana tunatokea wapi.

Tangu siku hiyo Teresiah akaanza kutufanyisha mazoezi. Mlango ukigongwa, saba tunaingia chumbani, viatu mkononi, simu kimya, na mimi nabana shuka mdomoni nisikohoe. Siku ya kwanza tulicheka sana. Kufikia ya tatu hakuna aliyecheka.

Kisha tangazo likabandikwa kando ya lifti. Watu wa mipango ya makazi wangepita nyumba kwa nyumba kuuliza idadi ya wakazi, ili ijulikane ni mitaa ipi inahitaji nyumba za bei nafuu kwa wafanyakazi wa kipato kidogo. Nilisema huo ni mtego. Nilisema jikoni, nikasema kwenye ngazi, nikawaambia na majirani. Nikishika jambo siliachii.

Walifika Jumamosi asubuhi. Kwa upenyo wa mlango wa chumbani nilimwona msichana wa Kiemirati, abaya nyeusi, tableti mkononi, na beji yenye jina Shahad. Teresiah alisimama mbele yake, Mercyline ubavuni, wale wengine wawili kwenye kochi wamekauka. Nyuma yangu wenzangu sita walikuwa wamebanana, na nilisikia meno ya mmoja yakigongana.

"Mnaishi wangapi hapa?" Shahad aliuliza kwa Kiingereza.

"Wanne, madam."

Shahad aliinua macho, akatazama jikoni, ambako vikombe kumi na kimoja vilining'inia kwenye misumari. Mercyline akashikwa na woga, na akafanya kosa ambalo sisi Wakenya wa huku hulifanya kila siku, kwenye lifti, madukani, mbele ya mabosi. Alimgeukia Teresiah akasema kwa Kiswahili, bila hata kunong'ona:

"Auntie, aki usimwambie kuna saba huko ndani. Huyu si anaenda tu."

Shahad akashusha tableti.

"Nakufahamu, dada yangu," alisema, kwa Kiunguja safi. "Bibi yangu kazaliwa Mkunazini, Unguja. Kwetu nyumbani ndiyo lugha tunayosema."

Mercyline aliziba mdomo kwa mikono miwili, akiwa amechelewa kabisa.

"Sikuja kumtoa mtu," Shahad aliendelea. "Lakini jengo zima mnanambia wanne, wanne, wanne. Nikirudi na hesabu hii, watasema watu wa hapa wanakaa kwa nafasi, nyumba wakajenge kwengine."

"Na nikisema ukweli," Teresiah aliuliza, "hao wakaguzi watakuja?"

"Wao kazi yao mbali na yangu. Ila siwezi kukuapia kwamba hawatoijua."

Nilimpenda kwa kutodanganya, na nikamchukia kwa hilo hilo. Nilimwona Teresiah mgongo, mkono ukitafuta ukuta, kisha ukaacha kuutafuta.

"Andika kumi na mmoja, madam."

"Auntie!" Mercyline akaanza kulia.

"Namwandika ninayemwona kwa macho," Shahad alisema. "Waite, mama."

Teresiah akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Tokeni," alisema. "Jina kwenye mkataba ni langu. Wakija, wataanza na mimi."

Hakuna aliyesogea. Wenzangu walinitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyesema ni mtego, na mimi ndiye niliyekuwa karibu na kitasa.

"Daisy," aliita. "Mwanangu, toka, wengine watakufuata."

Niliweka mkono kwenye kitasa. Nikaona akilini yale magodoro kule maegeshoni, nikaona sanduku langu likiwa miongoni mwayo. Aliniita mara ya pili, polepole, kama alivyokuwa akiniamsha nikiwa na homa. Nikaibana shuka mdomoni.

"Samahani, mama," Shahad alisema hatimaye. "Nina nyumba nyingine za kupitia."

Akaandika wanne, akaenda.

Tulipotoka, nilisubiri Teresiah anitukane. Nilitaka anitukane. Alinisogelea akanipangusa machozi kwa kanga yake, akaniuliza kama nimekunywa dawa ya kifua.