Jiwe la Kuachia Panga

Nilipokuwa mtoto, jambo la mwisho la kawaida ninalolikumbuka kabla ya homa ni mdogo wangu Gati akinicheka. Nilikuwa nimekaribia kuingia na panga katika kichaka cha chemchemi, na kwa mila yetu chuma hakikuruhusiwa mle. Mapanga na majembe yaliachwa juu ya jiwe bapa ukingoni, ndipo mtu akashuka kuchota maji. Hata bibi, ambaye Jumapili hakukosa kanisani, aliliacha lake pale.

"Mizimu wenye msitu wataanza na wewe," Gati alisema. "Una nyama."

Alipotangulia na ndoo yake, niliingia na panga nikakata fimbo ya kuchungia. Niliificha kwenye nyasi za paa.

Wiki ileile baba alilipita lile jiwe na shoka mkononi. Alitaka nyumba ya tofali za kuchoma, na tanuru linataka kuni nyingi. Bibi alimfuata hadi ukingoni, hakuvuka.

"Mwanangu, ukikata miti hii, homa itakosa pa kulala. Itakuja kulala kwetu."

Baba alimjibu kwa upole kwamba homa hailali mitini. Alichimba udongo palepale, maji yakiwa karibu, akaacha mashimo matano wazi.

Masika yakayajaza. Jua ambalo halikuwahi kugusa ardhi ile sasa liliipiga mchana kutwa, na sisi watoto tulifurahia kuchezea maji ya uvuguvugu. Kwetu, juu milimani Tarime, homa ilikuwa habari ya watu waliotoka ziwani. Siku moja Gati alianza kutetemeka mchana, kando ya moto. Kufikia jioni aliniita kwa jina la mtu mwingine.

Nilijua sababu. Nilichomoa ile fimbo, nikamletea bibi, nikamwambia kila kitu. Alikuwa akimkanda Gati kwa kitambaa chenye maji. Aliichukua fimbo, akaiweka kando.

"Fimbo moja haileti mgeni mkubwa hivi," alisema. "Angalia kule chini."

Niliangalia. Palipokuwa na kivuli palikuwa na mwanga tu, na maji yaking'aa.

Kisha akamwambia baba ambebe mtoto hadi zahanati. Maneno mengine yangesubiri. Baba alimbeba mgongoni, karibu akikimbia, nami nikawafuata nikihesabu pumzi za Gati.

Alipona. Na kwa kuwa alipona, tulisahau. Fimbo yangu ikawa kichekesho cha sikukuu.

Chuo kikuu nilifundishwa kwamba mbu wa malaria hupenda kutaga katika maji yaliyotuama, yaliyo wazi kwa jua, na kwamba penye joto mabuu hukua upesi kuliko kivulini. Nililiandika jibu hilo kwenye mtihani bila kosa. Nilimkumbuka bibi, nikatabasamu.

Mwaka jana mke wangu, Bhoke, alitaka jiko la tofali. Moshi wa jiko la zamani ulikuwa ukimuumiza macho. Nilikata miti iliyokuwa imechipua upya pale chemchemini. Nilichimba udongo palepale, maji yakiwa karibu. Mashimo ningeyafukia nikimaliza kuezeka.

Bhoke alianza kutetemeka masika, mchana, kando ya moto. Safari hii gari lilikuwapo, na dawa zilikuwapo. Tulimzika Jumamosi.

Sijui ni mbu yupi, wala wa shimo lipi. Hakuna awezaye kujua, na mtu aliyesoma hapaswi kudai zaidi ya anachokijua. Ninachokijua ni kwamba nilionywa mara mbili, kwa lugha mbili, na zote nilizielewa.

Jioni ya maziko Gati aliketi nami hadi chai ikapoa. Hakuitaja fimbo.

Asubuhi iliyofuata nilichukua jembe nikashuka chemchemini. Nilipofika kwenye jiwe nililiweka juu yake, nikavuka, nikapiga magoti kwenye shimo la kwanza, nikaanza kurudisha udongo kwa mikono.