Bisibisi ya Mtaalamu

Nilirudi ofisini kwetu Dodoma kutoka kozi ya kompyuta ya wiki mbili nikijiita mtaalamu. Mkuu, aliyetaka kunikabidhi kompyuta yetu pekee, akauliza ina memori kiasi gani. Nikavua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta, maana vumbi lilikatazwa humo, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Nikafungua kasha lake kwa bisibisi. Nusu saa nzima nilikodolea macho vyuma nisivyovijua, kisha nikatamka kama daktari bingwa: "Haipimiki, mzee."

Mama Neema, mpiga chapa wetu, akasema, "Funga, mwanangu, uiwashe tu."

Nikaiwasha. Namba zikapanda kwenye kioo, zikasimama penye jibu.

"Kila asubuhi nikiiwasha hujihesabu memori hivyo," Mama Neema akasema. "Wote tunaona."

Mkuu akanigeukia. "Kwani wewe huwa unafika saa ngapi?"